Nyumba ya Udongo na Nyumba ya Mawe: Habari za Kanisa la Rabai na Funzo Lake kwa Watu wa Timbwani



Katika kikao cha mwisho cha Kamati palikuwa na maneno mengi juu ya nyumba yetu ya mkutano. Walikuwapo waliosema ibomolewe, tujenge nyingine ya matofali ya saruji. Walikuwapo pia waliosema isiguswe hata kidogo, kwa kuwa ilijengwa na baba zetu. Kila upande ulikuwa na haki yake, lakini hapana hata mmoja aliyekuwa na dawa ya ukuta wa upande wa kusini, ambao lipu yake huanguka vipande vipande kila baada ya masika. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa amenyamaza tangu mwanzo, aliposema, “Kabla hamjabomoa, nendeni Rabai mkatazame. Kule nako wamekuwa na nyumba kuukuu.” Shauri lake lilikubaliwa, na sisi tuliotumwa tumeagizwa tuyaandike tuliyojifunza katika taarifa hii, ili kila mwanachama ayasome kabla ya Mkutano Mkuu kukata neno.

Huenda mtu akauliza, Rabai ina nini na Timbwani? Tena nyumba hiyo ni kanisa, na wengi wetu hapa ni Waislamu. Twajibu kwamba chama chetu hakikuundwa kwa ajili ya dini moja. Mawe yaliyojenga makanisa ya pwani hii ni ya mwamba ule ule uliojenga misikiti yake, na maarifa ya kuyaunganisha kwa chokaa yalikuwa mikononi mwa mafundi wa pwani tangu karne nyingi. Atakaye kujua jinsi nyumba inavyoishi na jinsi inavyokufa, na asikae akiuliza kwanza ni nani aliyesali ndani yake.

Rabai si mbali. Tulivuka kivuko cha Likoni asubuhi, tukapita Changamwe, na tulipofika Mazeras tukaiacha barabara kuu ya Nairobi, tukafuata ile iendayo Kaloleni. Nchi huanza kuinuka, minazi husimama pande zote mbili, na upepo hubadilika. Katika vilima hivyo ndiko ziliko kaya za Warabai, ndugu zetu katika jamii ya Mijikenda.

Habari zenyewe zaanza mwaka 1844. Katika mwaka huo alifika Mombasa Johann Ludwig Krapf, mtu wa Ujerumani, mzaliwa wa kijiji cha Derendingen katika nchi ya Württemberg. Alikuwa amepitia Unguja, akapewa barua na Sayyid Said ya kumruhusu kukaa pwani. Haikupita miezi mingi, mkewe Rosine akafariki kwa homa mwezi wa Julai, na mtoto wao mchanga akamfuata. Kaburi la bibi huyo liko upande wa Nyali, mkabala na mji. Mwaka 1846 Krapf alipata mwenziwe, Johannes Rebmann wa Gerlingen, ambaye naye alitoka Württemberg.

Watu hawa wawili walilelewa katika Kanisa la Kilutheri la nchi yao, wakasoma katika chuo cha misheni cha Basel, Uswisi. Lakini chama kilichowatuma kilikuwa cha Kiingereza, yaani CMS, cha Kanisa la Anglikana. Kwa hiyo Rabai pana jambo la ajabu kidogo: mahali pa kale pa Waanglikana wa Kenya paliwekewa msingi na Walutheri. Krapf mwenyewe alitafsiri kitabu cha sala cha Kianglikana kwa Kiswahili, kikatolewa mwaka 1854. Kabla ya hapo alikwisha kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, mwezi wa Juni 1844, akiwa bado mwanafunzi wa lugha yetu.

Barua ya Sayyid ilitosha kwa Mombasa, lakini haikutosha kwa Rabai. Kule hapana mtu aliyeweza kujenga bila ya ruhusa ya wazee wa kaya. Wageni wakaenda kuwauliza wazee, na wazee wakakubali. Tarehe 25 Agosti 1846 Krapf na Rebmann wakahamia huko, wote wawili wakiwa dhaifu kwa homa. Jambo hili twaliandika kwa makusudi. Nyumba ile ya kwanza haikusimama kwa nguvu ya serikali wala kwa fedha nyingi. Ilisimama kwa idhini ya wazee.

Ilikuwa nyumba ya namna gani? Ilikuwa kama nyumba za wenyeji: miti iliyochomekwa ardhini, fito zilizofungwa, udongo uliokandikwa ndani na nje, na paa la makuti. Kando yake walijenga kibanda cha kufanyia ibada. Hapakuwa na mnara wala kioo cha rangi, hata kuta za kumzuia mpita njia asisikie. Mtu wa kwanza wa Rabai kuipokea dini yao alikuwa Mringe, naye alikuwa mlemavu.

Msomaji aliyezoea kuhesabu historia kwa ukubwa wa majengo ataona kwamba mwanzo huo ulikuwa mdogo. Lakini na tutazame yaliyotoka humo. Kutoka Rabai, Rebmann alisafiri akauona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akaandika kwamba kileleni pana theluji, na wataalamu wengine wa Ulaya wakamcheka. Kutoka Rabai, Krapf alikwenda Ukambani, na mwezi wa Desemba 1849 akauona mlima Kenya kwa mbali. Rebmann na mwenzao Jakob Erhardt walikusanya habari za wenye misafara, wakachora ramani ya bara yenye ziwa moja kubwa sana, iliyotolewa mwaka 1856. Ramani hiyo ilikuwa na makosa, lakini iliwafanya watu wa Ulaya watake kujua ukweli, na mwaka uliofuata Burton na Speke wakaanza safari yao ya kuyatafuta maziwa. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilichapwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Rebmann alikaa mpaka mwaka 1875, akarudi kwao akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata.

Nyumba ya miti na udongo haidumu miaka mingi kama haitengenezwi. Mchwa hula miti kuanzia ardhini, mvua hulainisha udongo, na makuti huoza. Hata hivyo nyumba ya namna hii ina hifadhi yake. Kila baada ya miaka michache paa huezekwa upya, mti uliooza hung'olewa na mwingine kuchomekwa, na wanawake na vijana hukandika tena. Baada ya miaka thelathini huenda usipate ndani yake mti hata mmoja wa zamani, na bado watu husema, “Hii ni nyumba ya babu,” nao husema kweli. Kilichohifadhiwa hapo ni ujuzi wa kujenga na desturi ya kukutana kuitengeneza. Siku ujuzi huo unapokufa, nyumba nayo imekwisha, hata kama leo ingali imesimama.

Katika miaka iliyofuata Rabai iligeuka ikawa kijiji kikubwa. Mwaka 1864 walifika Waafrika waliokuwa wameokolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, Uhindi. Mmoja wao alikuwa William Jones. Mwaka 1875 CMS ilianzisha makao ya watu waliookolewa utumwani huko Kisauni, yakaitwa Frere Town. Watu wengine waliokimbia mabwana zao walipata kimbilio Rabai. Jones alitiwa mikono ya ushemasi mwaka 1885 pamoja na mwenziwe Ishmael Semler. Mwaka ule ule alifuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda. Askofu akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyewaongoza waliosalia kurudi pwani, akafika Rabai mapema mwaka 1886.

Katika kijiji hicho, chenye wenyeji na waliopata uhuru, lilijengwa kanisa la mawe la Mtakatifu Paulo, mwaka 1887. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia vituo vya misheni, na hasa Rabai, walipewa hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Kwa hiyo atazamaye kanisa hilo anatazama jengo lililosimama kabla ya wengi wa majirani zake kuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba wao ni watu huru. Kwa maoni yetu, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kulitunza.

Sasa tuseme kidogo juu ya ujenzi. Nyumba ya mawe ya pwani hujengwa kwa mawe ya matumbawe, yaliyochimbwa katika mwamba wa ufuoni, na kuunganishwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo juu ya magogo yaliyopangwa duara. Baada ya kuungua, rundo huachwa muda mrefu linyeshewe na lilainike, ndipo linapochanganywa na mchanga. Dari na paa la bapa hubebwa na boriti za mikoko. Lakini boriti ina urefu wake, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Mombasa na Lamu ni virefu na vyembamba: chumba kikizidi upana wa mita 3 hivi, boriti haifiki ukuta wa pili.

Jambo hilo liliwapa kazi wajenzi wa kale. Nyumba ya ibada yataka ukumbi mpana, na watu wote wamwone na kumsikia asemaye. Mafundi wa misikiti walijibu kwa kupanga nguzo katikati, boriti ikatoka nguzo hata nguzo. Makanisa mengi ya misheni katika karne ya 19 yalijibu kwa njia nyingine: kuta mbili ndefu za mawe, na juu yake paa la mgongo, lenye mbao zilizoshikamanishwa kwa pembe tatu, likaezekwa makuti au mabati. Baadaye palijengwa yaliyo makubwa zaidi. Kanisa Kuu la Mombasa, lililojengwa kati ya 1903 na 1905, lilipewa kuba kwa kufuata sura ya majengo ya Kiarabu. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, Dar es Salaam, la kati ya 1898 na 1902, lina mnara na vigae vyekundu kwa desturi ya Kijerumani.

Je, nyumba ya mawe hufaje? Watu wengi hudhani kwamba huanguka kwa uzee. Sivyo. Hufa kwanza kwa paa. Paa likiachwa wazi, maji huingia katikati ya ukuta kutoka juu, chokaa hulegea, mbegu za miti huota katika nyufa, na mizizi humaliza kazi. Nendeni Jumba la Mtwana, kaskazini ya Mtwapa, mkaone nyumba za mawe za mji ulioachwa na watu karne nyingi zilizopita: kuta zipo, mapaa hayapo. Kisha rudini upande wetu wa kusini, mfike msikiti wa Kongo, Diani. Huo nao ni wa kale sana, wa mawe na chokaa, lakini watu husali ndani yake hata leo. Mawe ni yale yale na bahari ni ile ile. Kilichotofautiana ni kwamba msikiti una watu wanaoliona tone la kwanza la mvua likianguka sakafuni.

Maji ya pili hutoka chini. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wa ardhi pamoja na chumvi. Chokaa ni laini, ina vitundu vidogo, nayo huuachilia unyevu utoke nje. Saruji ni ngumu, nayo huuziba. Ukuta wa chokaa ukivikwa lipu ya saruji, maji hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu, hulipasua jiwe kidogo kidogo, na mwisho lipu huanguka pamoja na ngozi ya jiwe. Mtu akiona hivyo husema saruji ilikuwa haba, akaongeza nyingine. Basi ugonjwa huzidi kwa ajili ya dawa.

Hapa yatupasa kukiri. Ukuta wetu wa kusini, unaopigwa na mvua ya kusi, haukuharibiwa na baba zetu walioujenga kwa chokaa, miaka michache kabla ya Uhuru. Tuliuharibu sisi. Miaka kadhaa iliyopita tulichanga fedha kwa bidii, tukapiga lipu ya saruji toka msingi hadi juu, tukapaka rangi, tukafurahi. Karani anayeandika maneno haya ndiye aliyeweka hesabu za mchango huo, na katika daftari aliandika kwa mkono wake kwamba kazi “imekamilika.” Hapana aliyekosa uaminifu. Tulikosa kumwuliza fundi wa chokaa wakati tulipokuwa naye.

Katika safari yetu tuliona pia kwamba kuna njia zaidi ya moja ya kuiacha nyumba iishi. Kanisa la Mtakatifu Paulo limedumu kama nyumba ya ibada. Jengo la kanisa la zamani zaidi la misheni lilipewa kazi nyingine: tangu mwaka 1994 ni makumbusho yenye jina la Krapf, chini ya Makumbusho ya Taifa. Ngome ya Mombasa nayo ilikuwa gereza mpaka mwaka 1958, ikatengenezwa, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Nyumba inaweza kubadili kazi bila ya kupoteza heshima yake. Isiyoweza kuvumilia ni kufungwa kwa kufuli na kusahauliwa.

Wala tusidhani kwamba kuhifadhi ni jambo lililoletwa na wageni. Kaya ziko pale Rabai tangu kabla ya kanisa. Misitu yake imebaki kwa sababu wazee waliweka miiko: mti usikatwe, njia isiachwe, mahali fulani pasikanyagwe. Mwaka 2008 UNESCO iliiandika misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, na kaya za Rabai zimo. Dunia ilikuja kuandika kile ambacho wazee walikwisha kulinda.

Twajua kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Chama hakina fedha nyingi. Wako wanachama wanaodaiwa karo za shule, na wako wajane wanaongoja msaada wetu. Mtu mwenye shida atasema, “Nyinyi mwahangaikia kuta, na mimi je?” Hatusemi kila nyumba kuukuu iwekwe, wala hatusemi msaada wa mjane upunguzwe kwa ajili ya chokaa. Ikiwa mafundi watauchunguza msingi wetu na kusema umekufa, basi tubomoe kwa adabu na kujenga upya. Lakini tusibomoe kwa sababu ya ukuta mmoja tuliouumiza wenyewe. Methali yatuambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuziba ufa kwa kitu kisichofaa, na sasa twataka kujenga nyumba nzima.

Kwa hiyo twaweka mbele ya Mkutano Mkuu mambo manne. Kwanza, lipu ya saruji ya ukuta wa kusini ibanduliwe polepole, ukuta uachwe ukauke kiangazi kizima, kisha upigwe lipu ya chokaa na fundi anayeijua kazi hiyo. Na ushauri uombwe kwa watu wa makumbusho pale Ngomeni kabla ya kuanza. Pili, kila mwaka kabla ya masika watu wawili wapande kutazama paa na mifereji ya maji, na taarifa yao isomwe katika Kamati kama isomwavyo taarifa ya fedha. Tatu, vijana wawili wa chama wawekwe chini ya fundi huyo wajifunze, ili ujuzi usiondoke naye.

La nne halina gharama, nalo ndilo linalotusumbua zaidi. Vitabu vya historia ya Rabai vyataja maaskofu, wamisionari na wasafiri. Waashi na wachukuzi wa mawe ni nadra kutajwa. Sisi tusirudie kosa hilo. Katika madaftari ya chama kuna hesabu ya magunia ya chokaa yaliyonunuliwa kwa nyumba yetu, lakini hamna jina hata moja la mtu aliyeyabeba. Wazee wawili waliokuwapo siku ya kuweka msingi wangali hai, na mmoja wao haoni tena vizuri. Twawaomba wanachama wote, kila mwenye baba, babu, au nyanya aliyechota maji, kupasua mawe au kupika chakula cha mafundi, alilete jina lake kwa karani kabla ya siku ya Mkutano Mkuu, pamoja na kazi aliyoifanya. Majina hayo yataandikwa kwa wino katika daftari, na nyumba ikisimama, yataandikwa pia ukutani, upande wa mlango.